Kimoja Kila Asubuhi

3 Februari
Nyumba ya kampuni, chumba cha juu

Kaka, shikamoo.

Kifurushi kimefika. Ulivyokizungushia utepe wa gundi, mtu angedhani umenitumia almasi. Dada wa mapokezi alikitikisa sikioni akacheka: "Kaka yako anakutumia njegere?" Nikacheka naye. Nilipofika chumbani nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa kitandani na sare yangu mwilini.

Najua unaniona mtu wa zamani kwa kung'ang'ania karatasi wakati dunia nzima inatumiana ujumbe. Lakini mwezi uliopita rubani mwenzetu alimwandikia mkewe kwenye simu kwamba halali usingizi. Sijui ujumbe ule ulitokaje. Kufika jioni ulikuwa kwenye simu zetu sote, na mpaka leo akipanda ngazi za ndege kuna mtu atamuuliza kama amelala vizuri. Karatasi unaichoma, ikaisha. Simu ina mdomo.

Sasa jambo lenyewe. Nimepangiwa kupimwa afya tarehe 14 Aprili. Macho, masikio, moyo, mkojo, hayo siyaogopi. Naogopa swali moja tu. Daktari wa marubani hukutazama usoni akakuuliza: unatumia dawa yoyote? Mwaka jana nilijibu hapana, na ilikuwa kweli. Wiki chache baadaye ndipo ulipokuja kunikuta nimekaa sakafuni bafuni, nimevaa sare ya kazi, siwezi kunyanyuka.

Tangu yule rafiki yako daktari aanze kunipa hizi kapsuli za sonona, kaka, mimi ni mtu tena. Nakula. Nagombana na watu kwa sababu za maana. Juzi Kapteni wangu, yule mzee anayeimba puani, aliniambia mkono wangu umetulia kuliko wake. Angejua umetulizwa na nini!

Hapa kila mtu anajua habari za Mrefu. Alikuwa rubani kama sisi, akamwambia daktari ukweli kwamba anatumia dawa kama hizi zangu. Cheti chake kikazuiwa siku ile ile. Sasa anapanga vipuri kwenye ghala nyuma ya banda la ndege, na sisi tukipita tunamsalimia mbio mbio kama watu wanaopita penye msiba. Kanuni yenyewe inasemaje hasa, hakuna anayejua, maana anayeiuliza ameshajitaja.

Basi nitadanganya. Wewe ndiye uliyenichapa rula kila niliposema nimemaliza ukurasa kumbe bado. Nishauri.

Mdogo wako,
Kitinda


11 Februari
Dukani

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisoma stoo, nimesimama katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi, kisha nikaichomea kwenye sinki. Wifi yako akaja mbio kuuliza nini kinaungua. Nikasema waya. Sasa ameita fundi umeme, na mimi nitamlipa fundi atafute hitilafu isiyokuwepo.

Unacheka, najua. Mimi sicheki. Nilimwomba rafiki yangu asikufungulie faili, na dawa ninayokutumia haijaandikwa popote. Ikijulikana, wewe utapoteza mabawa na mimi nitapoteza duka, tena ni miye ambaye kila siku nawahubiria wateja kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hilo la kwanza. La pili sijawahi kukuambia. Kila ndege ikipita juu ya paa langu natoka nje kuitazama mpaka ipotee. Mteja akinunua dawa hiyo namkataza hata kuendesha gari mpaka aizoee. Wewe unaendesha watu arobaini, tena chini yao hamna kitu.

Lakini tulia. Uongo hutasema. Niachie mimi. Kile ulichopata kilikuwa kifurushi cha Januari, kilichelewa; cha Februari kimo humu, anza nacho. Wewe kunywa kimoja kila asubuhi kama kawaida. Usiongeze, usipunguze, usiruke hata siku moja. Siku ya kupimwa utakuwa na jibu safi. Usiniulize nitafanyaje.

Halafu, wifi yako anataka kwenda kwa mama yake likizo ya Machi pamoja na watoto. Wamesikia ndege yenu inapita njia hiyo, sasa ndani hakulaliki. Ni ndege ya shangazi, ndege ya shangazi. Nimewaahidi.

Kakako


4 Machi
Chumba cha juu

Kaka,

Sijui nianzie wapi. Kuna kitu kimeharibika.

Kilianza kidogo kidogo. Nageuza kichwa, na ndani ya kichwa unapita umeme, kama mtu amegusa waya na kuachia. Nikisimama haraka sakafu inasogea. Usiku natoka jasho mpaka shuka nalianika. Jumatatu nilikuwa namsomea Kapteni orodha ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini. Mimi nasoma, yeye anajibu, kazi ambayo naweza kuifanya nikiwa nimelala. Nikafika katikati machozi yakaanza kunitoka. Sikuwa na huzuni yoyote, kaka. Yalitoka tu. Nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Ugonjwa umerudi, na safari hii umerudi na nduguze. Dawa nanywa ulivyosema, kimoja kila asubuhi, sijaruka. Kama dawa ninaitumia na bado naanguka, basi chini yangu hakuna tena kitu cha kukanyaga. Naogopa kwenda kazini na naogopa kutokwenda. Nikisema naumwa watanipeleka kwa daktari yule yule wa marubani.

Muulize rafiki yako kama kuna yenye nguvu zaidi. Fanya upesi, tafadhali.

Kitinda


10 Machi
Dukani

Kitinda,

Hakuna haja ya yenye nguvu zaidi. Hiyo ni hofu ya kupimwa tu. Mwili wa binadamu ukiogopa hufanya vituko vingi, mimi nawaona kila siku hapa kaunta. Lala mapema. Punguza kahawa. Dawa ni ile ile, usiiguse wala usiongeze. Kitu kama hicho huchukua majuma machache kisha kinapita chenyewe.

Tafadhali usimwandikie mtu mwingine yeyote.

Kifurushi kipya kimo humu. Anza nacho, kile cha zamani kirudishe kwangu.

Kakako


24 Machi
Chumba cha juu

Kaka,

Wifi na watoto wamefika salama. Naandika hilo kwanza ili ulisome kwanza.

Sasa soma na mengine. Mimi ndiye niliyekuwa narusha. Watoto walikuwa wamekaa nyuma kabisa, mkubwa dirishani, mdogo kamshikilia mama yake. Mhudumu aliwaleta mlangoni kwetu kabla hatujaondoka wanisalimie, na mdogo akaniuliza kama huku mbele kuna breki. Nikamwambia zipo, tena mpya.

Tulipoanza kushuka nikageuza kichwa kutazama mabawa, umeme ukapita. Ukapita tena. Njia ya kutua ilikuwa mbele yangu, naiona, nyeupe kabisa kwa jua, na ghafla sikuweza kujua kama inanijia au inanikimbia. Ndege ikainama upande wangu. Kaka, mkono ulikuwa wangu lakini haukunisikia.

Sisi tuna maneno ya kukabidhiana, ili pasiwe na sekunde ambayo usukani hauna mwenyewe. Nikasema, "Ndege ni yako." Kapteni akasema, "Ndege ni yangu," akaishika, akaitua vizuri kama anaweka kikombe mezani. Hakuimba tena mpaka tuliposimama. Injini zilipozimwa akauliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akasema, "Kula," akashuka.

Nilibaki kwenye kiti nikiwasikia wanao wanapiga makofi huko nyuma.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kile kifurushi cha zamani sikukurudishia, nisamehe. Nimeanza kunywa viwili viwili, kimoja cha zamani na kimoja cha sasa. Najua umekataza, lakini bora nikosee hivyo kuliko kungoja. Nimeanza kufikiri kwamba labda mtu niliyekuwa Desemba, yule aliyetulia, ndiye aliyekuwa wa bandia, na huyu ndiye mimi.

Kitinda


29 Machi
Nyumbani kwa mama

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Ungeniona nilivyojivuna! Mama mmoja pembeni yangu alikuwa ameshika tasbihi safari nzima. Nikamwambia, tulia mama, anayetuendesha ni wifi yangu. Kidogo tuliyumba wakati wa kutua, akanikazia macho kama nimemuuzia nyama mbovu. Nikamwambia ni upepo. Watoto sasa wanarusha vitanda vya bibi yao kama ndege.

Lakini wifi, nina mashtaka. Mkanye kaka yako. Kila akiandaa kifurushi chako hujifungia chumba cha chakula, anatandika kitambaa changu cheupe mezani, anaanza kufungua zile kapsuli moja moja kwa kijiti cha meno, anatoa zile punje za ndani, anazifunga tena. Mwanzo alikuwa anatoa chache. Siku hizi naona anamwaga karibu zote, anajazia sukari ya kusaga. Nilimwuliza ndiyo kazi gani hiyo ya watoto. Akasema mmekubaliana, unaacha dawa polepole. Mimi nikafurahi, nikajua umepona. Ila punje zinasambaa mpaka kwenye zulia, na mdogo nilimkuta anazilamba.

Si ungejifungulia mwenyewe, wifi, una vidole vyembamba kuliko vyake?

Tunarudi wiki ijayo. Nikipata bahati uturushe wewe tena.

Wifi yako


3 Aprili

Kaka,

Wifi ameniandikia. Hana kosa, usimfokee.

Nimefungua kapsuli ya kifurushi cha mwisho juu ya karatasi nyeupe. Nikafungua nyingine. Nikafungua zote. Nimeonja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nauona msemo huu ni wa watu wenye maadui.

Uliniambia ni hofu. Nilikuandikia kwamba nina umeme kichwani, ukanijibu nipunguze kahawa. Ulijua ni nini, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yako. Ulikaa na barua yangu mkononi ukijua, ukanifungia sukari nyingine.

Nimewaambia kazini nina homa ya tumbo. Sirushi kitu chochote mpaka nijue ndani yangu mna nini. Nijibu jambo moja: zile za zamani, kifurushi cha Februari, zilikuwa nzima? Nataka kujua nilichoanza kumeza tena.

Kitinda


7 Aprili
Dukani

Mdogo wangu,

Za Februari zilipungua robo. Za Januari zilikuwa nzima. Humu kuna pakiti ambayo haijafunguliwa, muhuri wa kiwandani uko pale pale, utazame kabla hujagusa. Rafiki yangu daktari anakungoja Alhamisi, kliniki yake, mchana, na atakufungulia faili. Amenitukana kwa sauti mbele ya wagonjwa wake. Nilisimama nikasikiliza.

Unataka kujua kwa nini. Ni mambo mawili na yote ni hofu.

Niliogopa uongo wako. Nilijua utaingia pale umjibu daktari hapana, na nakujua, ungekaa na hiyo hapana kifuani mpaka ikulaze bafuni tena. Nikawaza, nikimpunguzia taratibu, kitaalamu, bila yeye kuwa na wasiwasi, siku ya kupimwa atasema hatumii dawa na itakuwa kweli. Hatakuwa amedanganya hata kama hajui. Nilijiona nina akili nyingi. Ulipoandika mambo ya umeme nilijua ni mwili unaiulizia dawa yake, nikahesabu kwamba utapita kabla ya tarehe 14. Nikakuacha uteseke kwa hesabu.

Na niliiogopa dawa yenyewe. Kitinda, niliwapandisha wanangu kwenye ndege yako kwa sababu nilijua hunywi. Nilisimama uwanjani nikiwapungia mkono na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Ni siku hiyo peke yake ndiyo sikutazama juu.

Barua yako ya tarehe 24 niliisoma mara moja tu. Sijaichoma. Sina nguvu ya kuishika tena.

Sijui nisaini nini.


15 Aprili
Chumba cha juu

Kaka,

Siku moja kabla ya kupimwa nilikwenda ghalani kwa Mrefu. Nilimkuta juu ya ngazi na boksi la skrubu. Nikamuuliza swali ambalo hapa hakuna aliyewahi kumuuliza: kanuni inasemaje? Alicheka mpaka akashuka, akakaa juu ya tairi.

"Miaka yote hii," akasema, "wewe ndiye wa kwanza."

Kumbe hakufukuzwa. Kanuni ilibadilishwa zamani. Rubani anaruhusiwa kurudi angani akitumia dawa hizi, mradi ziwe katika zile zinazokubalika, awe ametulia kwa kipimo kile kile miezi sita, na daktari anayemtibu aandike hivyo. Mrefu aliambiwa arudi baada ya miezi sita. Nikamuuliza mbona hakurudi.

"Nirudi kwa nani? Mlikuwa mmeshanizika. Maiti akirudi nyumbani si watu watakimbia?"

Mimi ni mmoja wa wale waliomsalimia mbio mbio.

Jana basi nikaingia. Daktari wa marubani ni mama wa makamo, amevaa miwani miwili, mmoja usoni mmoja kichwani. Aliponiuliza unatumia dawa yoyote, nikasema ndiyo. Neno dogo kabisa. Nilidhani dari litashuka. Akaandika, akauliza ni ipi, tangu lini. Nikamwambia. Dawa yetu imo kwenye zinazokubalika, kaka. Akauliza nimekuwa kwenye kipimo hicho hicho kwa muda gani bila kubadilika.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu na mimi. Tangu Juni mpaka Januari sikuyumba hata kidogo. Miezi ile ilikuwa imekamilika na kupita. Kama ningekwenda mwenyewe mwezi wa pili, kabla hujashika kijiti chako, kazi yote ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeshafika na sikujua, na wewe ukanirudisha mwanzo wa barabara.

Nikamwambia kipimo kilibadilika Februari. Akavua miwani ya usoni. "Nani alikibadilisha?"

Kaka, nilikwenda pale nimeapa sitasema uongo tena. Nikafumbua mdomo nikasema, "Mimi mwenyewe."

Usidhani ni upendo mtupu. Niliwaona wanao wanapiga makofi, nikaona mlango wa duka umefungwa kufuli la serikali, na mdomo ukatangulia. Nilikuogopea kama ulivyoniogopea, na nikakosea kama ulivyokosea. Akaandika kwamba mgonjwa hubadili dawa kwa hiari yake bila ushauri. Mtu wa namna hiyo, akasema, hapewi miezi sita. Anapewa miaka miwili, na hata hapo hana hakika.

Cheti kimezuiwa. Kapteni alinibebea begi mpaka getini. Dawa nzima nimeianza, umeme umepungua, jana nimelala mpaka asubuhi.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu, kwa kuwa sisi wawili tumekwisha kufichana vya kutosha.

Kitinda


21 Aprili
Nje ya chumba cha daktari wenu wa marubani

Mdogo wangu,

Nimekalia benchi kwenye korido na naandikia juu ya goti, usishangae mwandiko. Nimekuja kwa ndege ya asubuhi. Dada wa dirishani aliniuliza ninaumwa nini, nikasema siumwi. Akauliza basi nimekuja kupimwa nini, nikasema sipimwi. Akaniangalia sana, akanipa namba ya mgonjwa hata hivyo, akasema nitajieleza mbele ya safari.

Wifi yako nimemweleza yote jana, mezani, na watoto wamelala. Hakulia. Aliniuliza kama nilikuwa najua nilichokuwa nafanya siku ile napunga mkono uwanjani. Nikasema nilidhani najua. Akanyanyuka akaenda kulala na watoto. Asubuhi alinipigia pasi shati hili, hakuniaga.

Rafiki yangu ameniandikia maelezo: tarehe, vipimo, nani alianzisha dawa na nani aliipunguza bila mgonjwa kujua. Ameweka sahihi yake. Nimeweka yangu chini. Baada ya hapa nitapita baraza la wafamasia, ni jengo la pili kutoka hapa. Leseni yangu nimeishusha ukutani, nimekuja nayo, imeacha alama ya mraba kwenye rangi. Sijui kama watakurudishia miezi sita. Sijui kama watanifungia duka tu au watanifunga na mimi. Watu wote kwenye korido hii ni marubani, wamekaa wima, hakuna anayemtazama mwenzake. Ninawaangalia na kujiuliza wangapi wamekuja na hapana zao kifuani.

Kijana aliye mbele yangu ametoka. Jasho limenilowesha mgongo mzima. Naogopa, Kitinda, sijawahi kuogopa namna hii.

Wameita namba yangu.